Kwa nini wazee hawasogelei lori la jeshi likileta maji? Naomba historia yake

Mwalimu wa Silanga (mwanzisha mada)

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Kilifi, na kazi imenileta kaunti ya Wajir. Naomba msaada wa mtu anayeijua historia hii kwa kuiishi au kwa kuisoma vizuri, maana vitabu vya shule vinaipita haraka mno.

Silanga la hapa, yaani bwawa la maji, lilikauka. Likaja bauza la maji la jeshi, na nyuma yake gari la madaktari na dawa. Askari wenyewe walikuwa na adabu. Waliwapanga kina mama, mwenye mtoto mchanga mbele, wakawajazia mitungi kwa mpira bila kumfokea mtu. Watoto wangu wa shule walifurahi kugusa magurudumu.

Kilichonitatiza ni wazee. Wanaume wa miaka sitini kwenda juu walibaki chini ya mgunga, mbali kidogo, wakatazama mpaka magari yakaondoka. Mmoja wao jicho linamtoka usaha na alihitaji dawa kuliko mtu yeyote pale. Hakuja. Nilipomwuliza mwalimu mwenzangu ambaye ni mwenyeji, alitamka neno moja tu, "Wagalla," akaendelea kusahihisha madaftari.

Naomba kujua: tangu uhuru, jeshi letu limepigana wapi ndani ya nchi, na lilianza lini kuleta maji na dawa? Kazi hizi mbili zinaendaje pamoja? Na je, nikiwafundisha watoto habari hizi nitakuwa nafukua makaburi, au ni haki yao? Nauliza kwa moyo mweupe.

---

Sajenti Mstaafu

Mwalimu, swali lako linastahili jibu refu, kwa hivyo nivumilie. Nilijiunga na jeshi la nchi kavu mwaka 1988, nikawekwa upande wa wahandisi: barabara, visima, madaraja, mabomu ya kutegwa. Sasa nimestaafu na nafuga. Haya ni yangu mwenyewe, sisemi kwa niaba ya jeshi.

Jeshi la Kenya lilizaliwa na vita mkononi. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 ya mwezi huohuo serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Askari waliokuwa King's African Rifles, jeshi la mkoloni, juzi, leo wakiitwa Kenya Rifles, wakapelekwa huko kabla hata ya kuzoea bendera mpya. Sababu unaijua kwa juujuu: mwaka 1962 tume ya Waingereza ilizunguka Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ikakuta Wasomali wengi wanataka kuungana na Somalia, kisha Waingereza wakaondoka na jibu halikufuatwa. Wenye bunduki wakaingia msituni na nyikani. Serikali ikawaita shifta, yaani majangili.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye mzizi. Jeshi changa lingepigana vipi na watu wanaohamahama na ngamia katika nchi isiyo na barabara? Lilitumia njia iliyokuwapo. Miaka ya hamsini, katika vita vya Mau Mau, Waingereza waliwahamisha Wakikuyu zaidi ya milioni moja, wakawatia katika vijiji vyenye handaki na ulinzi ili wapiganaji wakose chakula na habari. Miaka kumi na kitu baadaye, serikali ya Waafrika ikafanya vivyo hivyo kaskazini: watu wakakusanywa vijijini, na mfugo uliokutwa nje ya eneo lililoruhusiwa ukahesabiwa wa adui. Mkulima ukimweka kijijini ataumia, lakini shamba atalikuta pale pale. Mfugaji ukimzuia mahali pamoja miezi sita, mifugo imekwisha.

Vita vyenyewe vilikoma baada ya mazungumzo ya Arusha, Oktoba 1967, Kaunda akiwa msuluhishi kati ya Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu Egal. Lakini sheria za hali ya hatari hazikuondoka na vita. Zilibaki mpaka 1991. Na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa mambo yaliyotendeka huko wakati wa vita. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Wajir mwaka 1963 alifika miaka ishirini na minane akiishi chini ya sheria ambazo mtoto wa Nyeri au Kilifi hakuzijua.

Ndani ya miaka hiyo ndimo Wagalla ilimo. Tarehe 10 Februari 1984, katika operesheni ya kunyang'anya silaha, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi ya mji wa Wajir. Waliwekwa pale siku kadhaa kwenye jua la Februari bila maji wala chakula, wengine wakiwa wamevuliwa nguo. Wengi walipigwa risasi, wengine walikufa kwa kiu. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanataja mamia, wengine maelfu. Mtaliano Annalena Tonelli, aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir, alikwenda kuokota waliokuwa hai na kusaidia kuzika, akatoa habari nje, na mwishowe akalazimika kuondoka nchini.

Mwalimu, fikiri juu ya maji. Watu waliokufa kwa kiu wakilindwa na wenye sare, na leo sare hiyohiyo inakuja na bauza la maji. Hao wazee chini ya mgunga mwaka huo walikuwa vijana wa ishirini na kitu. Hawana kiburi.

Mimi mwenyewe nililikuta hili wakati wa ukame mkali wa mwaka 2000. Tulikuwa tunapeleka maji vijijini. Mzee mmoja alinijia, akaniangalia vyeo begani, akaniuliza kwa Kiswahili safi: "Uliandikwa mwaka gani?" Nikamjibu, 1988. Akamwuliza dereva, naye akataja wa kwake, baada yangu. Akamwuliza kila mmoja wetu. Tulipomaliza akageuka akawaita watu wake kwa mkono, wakaja na ngamia na mitungi. Hakuna afisa aliyetufundisha kwamba swali hilo litaulizwa. Tangu siku hiyo kila nilipokwenda na vijana kazi ya namna hiyo niliwaeleza kwanza mahali tunapokwenda palitendeka nini na mwaka gani, kabla hatujapanda gari.

Sasa swali lako la kwamba maji na dawa vilianza lini. Jeshi limesaidia kwenye maafa muda mrefu, ila kulikuwa hakuna mpango. Mvua za El Niño za 1997 zilipokata barabara za Garissa na Wajir, na homa ya Bonde la Ufa ikaanza kuua watu na mifugo, hakukuwa na njia isipokuwa ya anga. Bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, tarehe 7 Agosti 1998, wanajeshi walichimba kifusi cha jengo la Ufundi pamoja na raia na waokoaji waliotoka nje. Mei 2018 bwawa la Solai lilipopasuka, na kabla yake jengo la Huruma lilipoanguka Aprili 2016 na mwanamke akatolewa hai baada ya siku sita, sare ulizoziona pale zilikuwemo za jeshi. Oktoba 2019 wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji walilitoa gari lililozama kivuko cha Likoni. Kazi hizo hazina ubishi, na kila aliyezifanya anazikumbuka kwa fahari.

Ugumu uko pale ambapo kupigana na kusaidia vinafanyika mahali pamoja, kwa watu walewale, wiki ileile. Mlima Elgon ni mfano. Kundi la wanamgambo la SLDF (Sabaot Land Defence Force) lilianza kwa ugomvi wa mashamba ya mpango wa Chebyuk, likakata watu masikio, likaua mamia. Watu wenyewe waliomba jeshi lije, na Machi 2008 likaja kwa Operesheni Okoa Maisha. Mwezi Mei kiongozi wa kundi akauawa, vitisho vikakoma. Usalama ulirudi, hilo ni kweli, na watu wa kule wanalisema. Lakini wanaume walizolewa kijiji kizima kizima kwenda kuchujwa katika kambi ya Kapkota, na mashirika ya haki za binadamu yakaandika habari za mateso na za watu waliochukuliwa wasionekane tena. Mjane ambaye mume wake aliuawa na kundi, na mjane ambaye mume wake hakurudi kutoka Kapkota, wanateka maji kwenye mto mmoja. Zahanati utakayowajengea itakuwa ya nani?

Nina msimamo hapa na nitausema waziwazi. Kikosi kinachosaka wahalifu kisiwe ndicho kinachogawa unga. Askari wa kugawa maji asimwulize mtu yeyote kwenye foleni kama amewaona magaidi. Akiuliza mara moja tu, foleni nzima imekuwa mahojiano, na kesho atakayekuja kuteka maji ataonekana mbele ya wabaya kwamba amekuja kutoa habari. Wamewaua watu kwa hilo. Habari huja zenyewe, kwa mlango mwingine. Kule nilikofanya kazi ya kutegua vilipuzi, mara nyingi aliyetuonyesha mahali palipofukuliwa barabarani alikuwa mchungaji wa mbuzi, na alituonyesha kwa sababu wiki iliyopita hakuna aliyempiga. Adhabu ya jumla haijawahi kutupatia bunduki zilizokuwa zikitafutwa. Iliwapatia adui vijana.

Nitarudi usiku kwa swali la watoto.

---

Binti Garba

Asante Sajenti. Naongeza la Isiolo, maana watu husema shifta wakidhani ni habari ya Wasomali peke yao. Sisi Waborana wa Garba Tula, Merti na Modogashe tulikuwa ndani. Kwetu kipindi kile kina jina lake, Gaafa Daaba, na watu wanahesabu umri kwacho: huyu alizaliwa kabla, yule baada.

Nataka mwalimu aelewe jambo moja kuhusu msaada. Bibi yangu alikuwa na ngamia wa kupandia na wa maziwa kabla ya vijiji. Alipotoka kijijini hakuwa na kitu chenye miguu minne. Posho ya kwanza kuila maishani mwake ilikuwa ya msaada. Baadaye miaka ya sabini watu walipangiwa kulima kwa kumwagilia maji pembeni mwa mito, Malka Daka na kwingineko, wafugaji waliokuwa hawajawahi kushika jembe. Wako waliofaulu. Lakini ukiwaambia watu wa Isiolo kwamba wamezoea kusaidiwa, unawaumiza, kwa sababu walifilisika kwanza ndipo wakapewa mfuko wa unga. Bibi alikula posho hiyo miaka mingi, na kila mara alitaja majina ya ngamia wake kabla ya kuianza. Alikuwa na majina yao yote.

Ukifundisha, fundisha kwa mpangilio huo. Mfuko wa unga usitangulie.

---

Nahodha wa Faza

Assalaam aleikum. Mimi Mbajuni, kazi yangu bahari. Mambo ya bara ameyaeleza Sajenti, niacheni niseme ya Lamu, kwa sababu kwetu vita hivi viwili, cha zamani na cha sasa, vimekanyaga msitu uleule.

Msitu wa Boni una wenyewe, nao ni Waboni, wanaojiita Waaweer. Zamani walikuwa wawindaji na warina asali, wakiishi huku na huku. Wakati wa shifta serikali iliwatoa msituni ikawapanga vijijini kando ya barabara ya kutoka Hindi kwenda Kiunga: Basuba, Milimani, Mangai, Mararani. Wakati huohuo Wabajuni wa vijiji vya mwambao wa kaskazini walikimbia, wengine Lamu, wengine Malindi na Mombasa, na mashamba yao hayajawa yao tena mpaka leo. Kisha 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchi nzima. Kwa hiyo Mwaaweer alinyimwa msitu mara ya kwanza na vita, mara ya pili na sheria.

Juni 2014 Mpeketoni ilishambuliwa usiku watu wakitazama Kombe la Dunia, wakauawa zaidi ya arobaini, na wengine vijiji vya jirani siku zilizofuata. Septemba 2015 ikaanza Operesheni Linda Boni. Ilisemwa ni ya siku 90. Miaka ikapita, jina likabadilika likawa Amani Boni, na askari bado wamo. Sisemi watoke. Al-Shabaab wametega mabomu njia ya Kiunga na njia ya Garsen, wamesimamisha mabasi, wamewachagua abiria kwa dini wakawachinja. Mtu wa Lamu anayesema jeshi lifunge virago leo hajasafiri kwa basi.

Lakini Mwaaweer sasa amenyimwa msitu mara ya tatu. Asali iko ndani, na ndani haingiliki. Shule zilifungwa miaka, walimu wamekimbia. Zahanati zilibaki kuta. Mimi niliwachukua wauguzi kwa boti mpaka Kiangwe na Mkokoni, na huko ndiko nilikoona kazi ya jeshi kwa macho yangu. Mama alikuwa na uchungu wa kuzaa siku ya pili, mtoto kakaa vibaya. Barabara haipitiki, maji yametoka, boti langu liko juu ya mchanga. Askari wa kambi ya karibu walipiga simu ya upepo, ikaja helikopta. Askari aliyembeba yule mama kwenye machela alikuwa kijana wa Kikamba, jasho linamtiririka, anamwambia "pole mama, pole mama" kama kwamba hajui neno jingine. Mama alipona na mtoto alipona.

Na kwa sababu ya vita hivihivi ilitoka amri ya kutovua usiku. Wavuvi wenye jarife na wa kamba, kazi yao ni ya usiku. Nyumba nyingi za Faza, Kizingitini na Siyu zilikosa kitoweo na karo kwa amri hiyo. Mimi niliuza mashine ya boti langu la pili. Moyo wangu unabeba yote mawili, yule kijana na ile amri, na sitaki mtu anichagulie lipi la kusahau.

---

Wakili Kijana

Nachangia kidogo upande wa sheria kwa sababu mwalimu ameuliza kazi hizi mbili zinaendaje pamoja.

Katiba ya 2010, kifungu cha 241, imezitenganisha. Kulinda uhuru na mipaka ya nchi ni kazi ya kwanza. Kusaidia wakati wa dharura au maafa ni ya pili: hapo jeshi linaweza kutumwa, na Bunge la Taifa lipewe taarifa. Ya tatu ni kurejesha amani sehemu ya nchi yenye machafuko, na hapo taarifa haitoshi, ni lazima Bunge liidhinishe. Tofauti hiyo haikuandikwa kwa bahati. Waandishi wa Katiba walikuwa wanazijua habari za Wagalla na Kapkota.

Sheria ikishaandikwa bado inataka watu wa kuisimamia. Novemba 2012 askari watatu waliuawa kwa risasi Garissa wakishughulikia tairi la gari. Baada ya hapo soko la Suq Mugdi liliteketea na watu wakapigwa risasi, na wakazi pamoja na mashirika ya haki za binadamu wakawalaumu wanajeshi. Katiba ilikuwa na umri wa miaka miwili. Kwa upande mwingine, Februari 2023 jeshi lilipotumwa kuwasaidia polisi dhidi ya majangili wa Bonde la Ufa Kaskazini, suala lilipelekwa Bungeni likaidhinishwa. Na Juni 2024 jeshi lilipotumwa wakati wa maandamano, Mahakama Kuu ilikubali, ila ikataka serikali ieleze ni wapi, kwa kazi gani na kwa muda gani. Maswali hayo matatu ndiyo raia yeyote anapaswa kuyauliza.

Waliotafuta haki ya Mlima Elgon walifika hadi Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, na kitengo cha rufaa kikasema muda wa kufungua kesi ulikuwa umepita. Nauma kidole kila nikiisoma hukumu hiyo.

---

Sajenti Mstaafu

Nahodha, nimekusoma mara mbili. Nakushukuru kwa kumtaja kijana yule.

Wakili ametaja Bonde la Ufa Kaskazini, nami naongeza. Eneo lile nalo lina 1984 yake: mwaka uleule wa Wagalla kulikuwa na Operesheni Nyundo kule Pokot, watu na ng'ombe wakakusanywa. Wazee wa Pokot wanaikumbuka vizuri. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, aliangukiwa na mauti kwa ajali ya helikopta Elgeyo-Marakwet pamoja na wanajeshi wengine 9. Alikuwa amekwenda kuwaona askari wa operesheni na shule zilizofungwa kwa ujangili ambazo wanajeshi walikuwa wanazikarabati. Nilifurahi kwamba mkuu wetu, mwishoni mwa kazi yake, alikuwa anakagua madarasa. Nchi hii pia ilipoteza wabunge na watumishi wengine mwaka 2006, tarehe 10 Aprili, ndege ya jeshi ilipoanguka Marsabit ikiwapeleka kwenye mazungumzo ya amani. Watu 14. Kutafuta amani kumetugharimu nasi.

Sasa watoto, mwalimu. Ndiyo, wafundishe. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhiwa kwa Rais tarehe 21 Mei 2013, na Wagalla imo, vijiji vya shifta vimo, Mlima Elgon imo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Fedha hizo waathiriwa wanaendelea kuzidai. Kama Rais amelisema mbele ya Bunge, mwalimu hawezi kuambiwa amechochea kwa kulisema darasani. Ila usianze na uwanja wa ndege. Anza na ramani, anza na 1962, ili mtoto aone jinsi mambo yalivyofika pale. Na mtoto anayetaka kuwa askari, wako wengi kaskazini siku hizi, mwambie ajiunge. Tunawahitaji maafisa ambao wazee hawatakuwa na haja ya kuwauliza lolote.

---

Mwalimu wa Silanga

Nimesoma kila neno. Asanteni sana, na Mungu awabariki. Sajenti, nimeanza kuwaza juu ya yule mzee wa jicho. Je, ni vibaya nikienda mwenyewe na dawa nyumbani kwake? Na nikimwomba aje kuzungumza na watoto?

---

Halima wa Wajir

Dada mwalimu, karibu kwetu. Mimi ni mjukuu wa mmoja aliyebaki Wagalla, kwa hivyo nikuelekeze.

Dawa mpelekee, si vibaya hata kidogo. Nenda baada ya sala ya alasiri, ukiwa na mtoto wake mmoja au mkewe, na mweleze kwamba umeichukua zahanati. Jicho lenye usaha lisisubiri, linaweza kupofuka.

Kuzungumza na watoto, usimwombe yeye kwanza. Waombe wajane. Watu wa mbali wakija hapa wakitafuta historia huenda moja kwa moja kwa wazee wa kiume, na wanaume wengi waliotoka pale hawajawahi kusimulia hata kwa wake zao. Wanawake ndio waliobaki na watoto, ndio waliotafuta maiti, na ndio waliokuwa wakipanga kila mwaka mwezi wa Februari watu wakae wasome dua. Ni wanawake haohao, marehemu Dekha Ibrahim Abdi na wenzake, ambao mwaka 1993 koo zilipokuwa zinauana Wajir walianza na wauza maziwa sokoni, wakahakikisha mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua, kisha wakawaendea wazee, mpaka yakapatikana makubaliano ya Al-Fatah. Serikali na jeshi walikuja kuwasikiliza baadaye. Watoto wako wanapaswa kulijua hilo pia, kwamba amani ya mji wao ilitengenezwa na mama zao.

Kuna bibi mmoja upande wa kwenu kule, nitamwuliza binti yake ruhusa kwanza. Akikubali nitakutumia ujumbe wa faragha. Ukienda chukua sukari na majani ya chai, usichukue kamera. Na ukikuta amenyamaza, keti naye tu, umsaidie kazi iliyopo mkononi.